Kweche Wawili Wekundu

Katika shule moja ya pwani, mwalimu aliwaagiza wanafunzi wake kila mmoja achague ndege mmoja, amwangalie muda wa juma zima, kisha aandike habari zake. Ulikuwa wakati wa masika, na nyasi zilikuwa zimewapita watoto kwa urefu. Siku ya kusoma ilipofika, mtoto wa kwanza alisimama akasoma hivi: "Nimemwona kweche katika majaruba ya mpunga. Ni ndege mdogo sana. Utosi wake ni mwekundu kama kaa la moto, na tangu kidevuni mpaka tumboni ni mweusi. Mabawa yake ni ya rangi ya hudhurungi." Mwalimu akamsifu, naye akaketi kwa furaha.

Akasimama mtoto wa pili, ambaye kwao ni ng'ambo ya mto, akasoma: "Mimi pia nimemwona kweche. Utosi wake ni mwekundu, na kifuani ana wekundu kama mtu aliyejifunga mshipi. Mabawa yake ni meusi kama masizi ya chungu."

Hapo darasa zima likacheka. Yule wa kwanza akasema, "Mwongo huyu! Kweche hana mabawa meusi. Hakwenda kutazama; ameandika akiwa amelala kwao." Mtoto wa pili akaketi asijibu neno, machozi yakimlengalenga. Maana siku saba aliamka alfajiri, akalowa umande mpaka magotini, na kila neno aliloliandika aliliona kwa macho yake mwenyewe.

Je, msomaji, ni nani kati yao aliyesema kweli? Usifanye haraka kuhukumu. Kwanza tuwajue ndege wenyewe, kisha tutarudi darasani.

Kweche ni wa ukoo wa mnana, wale ndege wa manjano wanaoning'iniza viota vyao katika minazi na miti ya kando ya mito, wenye kelele zisizo na kikomo. Wataalamu huwahesabu wote katika jamii kubwa ya ndege waimbao, ingawa wimbo wa kweche hauna utamu mwingi. Ni sauti nyembamba ya kukwaruza na kuvuma, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Jina lao la elimu ni Euplectes, neno lililotoka katika Kiyunani, na maana yake ni msukaji hodari. Jina hilo wamelistahili, kama tutakavyoona.

Namna za kweche katika Afrika ni nyingi. Wako wa manjano, wako weusi wenye mikia mirefu, na wako wekundu. Katika somo hili twataka kuwatambua wawili tu miongoni mwa wekundu, kwa kuwa hao wawili huonekana pamoja katika nchi ya pwani, na watu wengi huwadhani kuwa ni ndege mmoja. Wa kwanza tutamwita kweche tumbo-jeusi, na wa pili kweche mabawa-meusi.

Wataalamu wamewapa kila mmoja jina lake la Kilatini. Huyu wa pili ndiye aliyetangulia kupewa jina. Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, Mswidi ambaye hakupata kufika Afrika, alimwita hordeaceus, yaani wa shayiri. Huyu wa kwanza alipewa jina mwaka wa 1848 na John Cassin, Mmarekani wa mji wa Philadelphia, akamwita nigroventris, yaani mwenye tumbo jeusi. Tazama tofauti ya majina hayo. Jina alilolitoa Cassin lakuonyesha mahali pa kutazama. Jina alilolitoa Linnaeus halikupi alama yoyote ya mwili wa ndege. Basi na sisi tufuate njia ya Cassin, tutafute alama mwilini.

Sasa simama juu ya tuta la jaruba wakati mvua za masika zimekwisha kushika. Utamwona dume ameketi juu ya ubua au tete, kama mlinzi juu ya dungu lake. Jambo litakalokuvuta jicho kwanza ni wekundu wake. Waonekana kutoka mbali sana, hata mtu asiyewajali ndege hugeuza kichwa. Lakini wekundu huo ndio unaowapoteza watu wengi. Wote wawili wana utosi mwekundu. Wote wawili wana kisogo chekundu. Wote wawili wana wekundu juu ya kiuno, karibu na shina la mkia. Na wote wawili wana uso mweusi. Mtu akikuambia, "Nimeona kweche mwekundu," hajakuambia bado ni kweche yupi. Nyumba mbili zikiwa na milango ya rangi moja, hutauliza habari za mlango. Utauliza alama nyingine. Basi hapa, ili uwajue wekundu hawa, yakupasa uache wekundu utazame weusi.

Alama ya kwanza ni kifua. Kweche tumbo-jeusi ni mweusi upande wote wa mbele, tangu chini ya mdomo, kooni, kifuani, mpaka tumboni, kama mtu aliyemwagiwa wino. Kweche mabawa-meusi naye ana weusi usoni na kidevuni, kisha wekundu hupita kifuani kama mshipi mpana, ndipo weusi uanze tena tumboni. Ukiuona mshipi huo mpana umezunguka kifua chote, umekaribia kumjua. Walakini usiitegemee alama hii peke yake, maana huenda ukamwona dume wa tumbo-jeusi mwenye wekundu kidogo kooni, nawe ukadhani ni mshipi.

Alama ya pili ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni mabawa na mkia. Kweche tumbo-jeusi, kwa weusi wake wote wa kifua na tumbo, ana mabawa na mkia wa rangi ya hudhurungi, kama majani makavu. Kweche mabawa-meusi ana mabawa meusi, na mkia wake ni mweusi vilevile. Kwa hiyo kama wataka maneno machache ya kukumbuka, shika haya: mmoja amebeba weusi kifuani, mwenzake amebeba weusi mabawani.

Alama ya tatu ni ukubwa. Kweche tumbo-jeusi ni mdogo. Tangu ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia ana sentimita 10 hivi. Kweche mabawa-meusi ana sentimita 13 mpaka 15, yaani hukaribia ukubwa wa shomoro, tena ni mnene zaidi na mdomo wake una nguvu zaidi. Chukua rula yako uone urefu huo juu ya meza. Tofauti si ndogo. Lakini ukubwa hudanganya kama ndege yuko peke yake. Mtu mfupi akisimama peke yake uwandani, waweza kumdhani ni mrefu. Akija mwenzake akasimama karibu naye, ndipo ujue kimo chake. Kwa hiyo alama ya ukubwa ina faida zaidi wakati ndege wawili wameketi mahali pamoja, au pakiwa na shomoro wa kumlinganisha naye.

Iko na hadhari nyingine. Usimtazame ndege ukiwa umelielekea jua, kwa sababu kila ndege aliye mbele ya jua huwa mweusi mwili mzima. Zunguka polepole mpaka jua liwe nyuma yako. Tena usiamue wakati dume anaporuka akicheza, maana huyatutumua manyoya yake yote, na mabawa hupiga upesi hata usiweze kuijua rangi yake. Ngoja atue, akunje mabawa, atulie. Hapo ndipo utazame. Subira ya dakika mbili hufaa kuliko ubishi wa siku nzima.

Na mchezo wenyewe unastahili kutazamwa. Kila dume ana eneo lake katika nyasi, naye hulilinda dume mwingine asiingie. Akimwona jike anapita, au dume mgeni anasogea, hututumua manyoya ya kichwa na kiuno mpaka awe kama mpira mdogo wa moto, kisha huruka polepole juu ya nyasi, mabawa yakivuma kama dundu kubwa. Huenda hivi, hurudi hivi, hutua, huruka tena. Mtu aliye mbali hudhani upepo umechukua ua jekundu na kulizungusha hewani.

Dume ndiye msukaji. Huchana majani ya nyasi kuwa nyuzi nyembamba, akazifunga katika mabua yaliyosimama karibu karibu, akasuka kiota chenye umbo la yai, na mlango wake u ubavuni karibu na juu. Hasuki kimoja tu; katika eneo lake husuka vingi. Jike huja akakagua. Kikimpendeza huingia, akaongeza masuke laini ya nyasi ndani, mpaka kiota kiwe na kitanda chororo. Kisha huyataga mayai yake, mara nyingi mawili au matatu, ya rangi ya samawati isiyokolea, akayaatamia peke yake kwa muda usiofika majuma mawili. Yeye ndiye huwalisha makinda pia. Dume huendelea kucheza na kusuka, maana huwa na wake wengi katika eneo lake, wala hana habari ya kuatamia.

Pengine utauliza, kwa nini dume peke yake amevaa nguo za fahari, na jike amevaa hudhurungi tupu? Habari ya jike yaeleweka upesi. Yeye hukaa katika kiota siku nyingi, na adui ni wengi: nyoka, kenge, na ndege walao nyama. Angekuwa mwekundu, angejionyesha yeye na wanawe. Ama dume, fahari yake ni ya kumwambia jike, "Nitazame mimi," na kumwambia dume mwenzake, "Hapa pana mwenyewe."

Jambo hilo lilijaribiwa katika nchi ya Kenya. Katika nyanda za juu yuko ndugu wa kweche, naye ni wa Euplectes vilevile. Dume wake ni mweusi, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Mtaalamu wa Uswidi aitwaye Malte Andersson aliwakamata madume kadhaa. Wengine aliwapunguza mikia, wengine aliwaongezea urefu kwa kuwagandisha manyoya ya wenzao, na wengine aliwakata kisha akawagandisha mkia uleule, ili ajue kama kule kukatwa tu kuna matata. Akawaacha waende zao, kisha akahesabu viota vyenye mayai au makinda katika eneo la kila dume. Wale walioongezewa mkia walipata majike wengi zaidi kuliko wote. Alitangaza habari hizo mwaka wa 1982, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamejifunza katika ndege hao wa Afrika jinsi jike anavyomchagua dume.

Na wekundu wenyewe watoka wapi? Hautoki mwilini tu. Ndege hupata katika chakula chake rangi ya manjano iliyomo ndani ya mbegu na vitu vingine alavyo, na mwili wake huigeuza kuwa nyekundu, ukaipeleka katika manyoya yanayoota. Ndiyo maana kweche aliyefungwa tunduni na kupewa chakula cha namna moja tu, akibadili manyoya mara nyingi hutoka na rangi ya chungwa iliyopauka badala ya wekundu wake. Weusi sivyo. Weusi wa manyoya hutengenezwa na mwili wa ndege wenyewe. Basi waweza kusema kwamba wekundu wa kweche ni mali iliyochumwa shambani, na weusi wake ni mali ya nyumbani. Wale wanaowategea kweche na kuwauza tunduni kwa ajili ya uzuri wao huununua uzuri usiodumu.

Mpaka hapa kazi yetu imekuwa nyepesi, kwa kuwa tumewatazama madume wakati wa masika. Lakini mvua zikiisha, makinda yakiruka, dume wa kila namna huanza kung'oka manyoya. Wekundu huondoka, weusi wa kifua na tumbo huondoka, na mahali pake huota manyoya ya hudhurungi yenye michirizi. Katika majuma machache yule sultani wa jaruba huwa kama jike wake, na mtu asiyejua husema, "Kweche wamehama." Hawakuhama. Wako palepale, wamebadili nguo.

Sasa utamtambuaje? Hapa ndipo utakapoona faida ya kutotegemea wekundu. Manyoya ya mwili wa dume hubadilika mara mbili kwa mwaka, mara moja kuvaa fahari na mara moja kuivua. Manyoya makubwa ya mabawa hayabadiliki hivyo. Hubadilika mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo dume mzima wa kweche mabawa-meusi, hata akivuliwa wekundu wote, hubaki na mabawa yake meusi na mkia wake mweusi. Ukimwona ndege mdogo wa hudhurungi mwenye michirizi, mabawa yake yakiwa meusi kama amevaa koti la mtu mwingine, waweza kumwita kwa jina lake bila kusita. Dume wa kweche tumbo-jeusi hana akiba kama hiyo; yeye huwa hudhurungi mwili mzima.

Ama majike na wachanga, nitakuambia kweli: ni kazi ngumu hata kwa watu waliotazama ndege maisha yao yote. Jike wa mabawa-meusi ni mkubwa na mnene zaidi, na mabawa yake yamekolea kidogo kuliko ya jike wa tumbo-jeusi. Lakini dume kijana wa mabawa-meusi naye hana bado weusi wa baba yake. Kwa hiyo ukiona kundi la ndege mia wa hudhurungi, watafute kwanza madume wenye mabawa meusi, uandike uliowaona hao. Wengine, kama huna hakika, andika "kweche, namna haikujulikana." Neno hilo si la aibu. Aibu ni kuandika jina usilolijua, na mtu mwingine akalisoma akaliamini.

Mahali nako hukusaidia kutambua. Kweche tumbo-jeusi ana nchi ndogo: pwani na mashariki ya Kenya na Tanzania mpaka kaskazini ya Msumbiji, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kweche mabawa-meusi ana nchi kubwa mno, tangu Senegali upande wa magharibi mpaka Ethiopia upande wa mashariki, tena kusini mpaka Angola, Zambia, Zimbabwe na Msumbiji. Basi mtoto aliyeko Kampala au Kisumu akimwona kweche mwekundu, asimwandike kuwa ni tumbo-jeusi, maana huyo hakai huko. Lakini asikimbilie kusema ni mabawa-meusi kabla ya kuyaona mabawa, kwa kuwa bara wako kweche wengine wekundu wenye mabawa ya hudhurungi. Mmojawapo hujulikana kwa paji la uso lake, ambalo ni jeusi tangu mdomoni mpaka karibu na katikati ya utosi, hali hawa wawili wetu utosi wao ni mwekundu mpaka mbele.

Pengine mtoto wa mkulima atasema, "Haya yote yanifaa nini? Mimi hutumwa kuamia mpunga. Ndege ni ndege. Wote wala mpunga." Ni kweli, kweche hula mpunga na mtama, na kundi lake likiachwa bila kufukuzwa hutia hasara. Asiyekubali neno hili hajapata kukaa juu ya dungu tangu alfajiri mpaka magharibi, kombeo mkononi, sauti imemkauka. Lakini kweche hula pia mbegu za majani ya porini, na makinda wake hulishwa wadudu pamoja na mbegu. Tena makundi yake hufukuzika kwa kelele, kwa kombeo, na kwa watoto wasiolala.

Yuko ndege mwingine ambaye hafukuziki hivyo, naye ni kwelea. Yeye ni wa ukoo uleule wa mnana, mdogo, wa hudhurungi, mwenye michirizi, na katika miezi ambayo kweche wamevua wekundu wao, mtu aweza kumchanganya nao. Makundi ya kwelea hufika maelfu kwa maelfu, hata mamilioni, na shamba moja humalizika kwa muda mfupi. Alama yake ni mdomo: wa kwelea mara nyingi ni mwekundu, na kweche aliyevua fahari mdomo wake si mwekundu. Kwelea wakija kwa wingi, serikali hupeleka watu, na mara nyingine eropleni, kuwanyunyizia sumu mahali wanapolala. Sumu haichagui. Haimuulizi ndege jina lake; humwua kwelea, humwua kweche, humwua na mwewe atakayewala waliokufa. Kwa hiyo mtu akipeleka habari kwamba kwelea wameingia, na kumbe aliona kweche wa jaruba lake, ametia hatarini ndege wengi bure, na maji ya kijiji pia. Na mtu akinyamaza kwa kudhani ni kweche tu, na kumbe ni kwelea, amewaponza jirani zake. Huoni ya kuwa jina la ndege mdogo laweza kuwa jambo kubwa?

Basi ukitaka kuwa mtazamaji mwema, shika taratibu hizi. Chukua daftari na kalamu, uandike palepale, usingoje mpaka ufike nyumbani, kwa maana kumbukumbu hupaka rangi. Andika siku, saa, na mahali. Andika kwanza kile ulichokiona, yaani kifua, mabawa, mkia, ukubwa, mdomo. Kisha ndipo uandike jina. Mtu anayeanza na jina huona baadaye kile anachotaka kukiona. Usisogee karibu na kiota, wala usiyaguse mayai; njia unayoikanyaga katika nyasi yaweza kufuatwa na adui wa makinda. Na mwenzako akileta habari isiyopatana na yako, muulize kwanza, "Ulimwona wapi? Mabawa yake yalikuwaje?" kabla hujamwita mwongo.

Sasa turudi darasani. Mwalimu hakucheka pamoja na watoto. Aliwanyamazisha, akazichukua karatasi zote mbili akazitazama, kisha akasema, "Jumamosi asubuhi tutakwenda sote." Siku hiyo wakaenda kwanza katika majaruba yaliyo karibu na shule. Wakamwona ndege juu ya tete, mdogo, kifua na tumbo nyeusi, mabawa ya hudhurungi. Yule mtoto wa kwanza akasema, "Je, sikusema?" Wenzake wakamwitikia.

Wakavuka mto kwa mtumbwi, wakaenda mpaka penye miwa na nyasi ndefu. Wakangoja. Jua lilipopanda, ndege mwekundu akaruka akivuma juu ya nyasi, akazunguka, akatua juu ya bua la muwa, akakunja mabawa yake. Yalikuwa meusi kama masizi ya chungu, na kifuani palikuwa na mshipi mwekundu. Hapana mtoto aliyesema neno.

Ndipo mwalimu akamgeukia yule wa kwanza akamwuliza, "Karatasi yako ina uongo?" Akajibu, "Haina, Mwalimu." "Na karatasi ya mwenzako je?" Akainamisha kichwa akasema, "Nayo haina." Kisha akamwendea mwenziwe, akamshika mkono, akamwomba radhi mbele ya darasa zima, na yule mwenziwe akamsamehe, akamwonyesha mahali alipokuwa akikaa kila alfajiri, ambapo nyasi zilikuwa bado zimelala.

Tangu siku ile, katika shule hiyo mtoto akileta habari ya jambo ambalo wengine hawajaliona, hawamcheki. Humwuliza njia, wakaenda kutazama.

MASWALI

1. Kwa nini wekundu peke yake hautoshi kuwatambua kweche hawa wawili?
2. Eleza weusi wa kila mmoja uko wapi wakati wa masika.
3. Alama gani hubaki kwa dume wa kweche mabawa-meusi baada ya wekundu kuondoka? Kwa nini hubaki?
4. Kweche aliyefungwa tunduni hupotewa na rangi gani, na kwa sababu gani?
5. Kweche aliyevua fahari na kwelea hutofautianaje? Ni hasara gani zaweza kutokea mtu akiwachanganya?
6. Mchague ndege mmoja wa kwenu. Mtazame siku saba, uandike umbo lake na tabia zake, ila usilitaje jina lake. Kisha msomee mwenzako, uone kama aweza kumtambua.